Kromu ni tabaka la mwisho: namna ya kurudishia mng'ao mapambo ya asili ya pikapu ya zamani

Katika pikapu ya zamani, hakuna sehemu inayoeleweka vibaya kuliko mapambo yake ya chuma. Mwenye gari husema "kromu" akimaanisha bampa, fremu za vioo, vitasa vya milango, nembo ya boneti na kepu za magurudumu kwa pamoja, kisha hukusanya vyote katika sanduku moja na kuvipeleka kwa mchovyaji, yaani fundi anayeweka tabaka jembamba la metali juu ya kipande kwa umeme, akitarajia virudi vikiwa vipya. Mara nyingi baadhi hurudi vikiwa vizuri, vingine hurudi vikiwa vimefutika herufi zake, na kimoja au viwili haviwezi kurudi tena kwa sababu vimeliwa na asidi. Hasara hiyo haisababishwi na uzembe wa fundi peke yake. Vitu hivyo vinang'aa kwa namna moja lakini vimetengenezwa kwa metali tofauti, na dawa inayoiokoa metali moja huiangamiza nyingine.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano wa pikapu za Chevrolet 3100 za mfululizo wa Advance-Design, zilizoanza kuuzwa Marekani katikati ya mwaka 1947 na kuachwa mapema mwaka 1955. Nimezichagua kwa sababu zinasimama mahali ambapo pikapu ilianza kubadilika kutoka chombo cha shamba na cha fundi kuwa gari ambalo mtu angependa kuonekana nalo. Mapambo yake yalikuwa machache, na mengi yake mnunuzi aliyalipia zaidi. Pikapu zilizozifuata zilikwenda mbali zaidi: Machi 25, 1955 Chevrolet ilizindua mfululizo mpya pamoja na Cameo Carrier, pikapu ya kifahari ambayo katika mwaka wake wa kwanza zilitengenezwa 5,220 tu, na tangu hapo metali ing'aayo ikawa sehemu ya kawaida ya biashara ya pikapu.

Kabla ya kugusa hata parafujo moja, mwenye gari anapaswa kujua gari lake lilitoka kiwandani likiwa na nini. Vita vya Korea, vilivyoanza Juni 1950, viliigeuza nikeli, metali inayowekwa chini ya kromu, kuwa mali ya jeshi, kwa kuwa ilihitajika katika injini za ndege na katika aloi (michanganyiko ya metali) za silaha. Serikali ya Marekani ikabana matumizi yake katika bidhaa za kiraia, na viwanda vya magari vikalazimika ama kupunguza mapambo ama kuweka kromu juu ya shaba bila nikeli ya kutosha, kisha kuifunika kwa vanishi angavu ili isiharibike mapema. Vanishi haikusaidia sana, na magari ya mwaka 1952 yanajulikana hadi leo kwa kromu isiyodumu. Kwenye pikapu za Chevrolet za miaka hiyo, sehemu ambazo hapo awali zilichovywa ziliishia kupakwa rangi tu. Kwa hiyo pikapu ya mwaka 1952 inayometameta kutoka bampa hadi bampa inaweza kuvutia macho, lakini si ya asili, na ninaamini kwamba anayeitengeneza hivyo anapaswa kuwa amelijua jambo hilo na kuamua mwenyewe, badala ya kuuziwa na karakana kama urejeshaji wa kweli.

Kuitambua metali kabla ya kuipeleka popote

Vifaa vya kutambulia ni sumaku, uzito unaohisiwa mkononi na jicho linalotazama upande wa nyuma wa kipande. Chuma cha kawaida hunasa sumaku kwa nguvu, na kikiharibika hutoa kutu nyekundu. Mabampa, mabano yake, shoo ya mbele iliyogandamizwa kutoka kwenye bati la chuma na kepu nyingi za magurudumu huangukia hapa. Zinki iliyomiminwa katika kalibu haishiki sumaku hata kidogo, na mkononi ni nzito kuliko inavyodhaniwa kwa ukubwa wake. Nyuma yake kuna mbavu za kuimarisha, alama za mviringo zilizoachwa na pini zilizoisukuma itoke kwenye kalibu, na mara nyingi vijiti vyenye nyuzi za nati ambavyo vilimiminwa pamoja nayo. Ikiharibika, huota vipele na unga mweupe. Nembo, vitasa na vipande vyenye maumbo magumu ya kuchonga kwa kawaida ni zinki.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi, hupatikana kwenye tepe nyembamba zinazozunguka vioo na zile zinazopita ubavuni mwa gari. Kingo zake zimekunjwa kwa ndani ili zishike klipu, na hakina tabaka lolote juu yake: mng'ao wake ni wa metali yenyewe. Sumaku isikudanganye hapa, kwa sababu aina iliyotumika sana kwenye mapambo ya magari, yenye takriban asilimia 17 ya kromu na isiyo na nikeli, hushika sumaku kama chuma kingine. Alumini ni nyepesi mno na haishiki sumaku, na ilienea kwenye shoo na tepe za magari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo mwenye pikapu ya miaka ya 1960 atakutana nayo zaidi kuliko mwenye gari la 1948.

Ukishatenga vipande hivi katika makundi, umefanya nusu ya kazi ya kuvilinda, kwa kuwa stenlesi na alumini havihitaji kuchovywa kromu kabisa.

Kwa nini kromu huharibika

Tabaka la kromu kwenye bampa huwa na unene wa robo hadi nusu ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), wakati unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Tabaka jembamba kiasi hicho haliwezi kuficha mkwaruzo wala kuziba shimo. Mng'ao unaouona unatoka kwenye nikeli iliyo chini yake, na kromu huongeza rangi yake ya ubuluu baridi, ugumu, na uwezo wa kutofifia. Nikeli ikiachwa wazi huwa na umanjano hafifu na hufifia baada ya muda, na ndivyo yalivyokuwa magari hadi katikati ya miaka ya 1920, yakidai kusuguliwa kila mara. Hali ilibadilika baada ya Colin Fink na mwenzake Charles Eldridge, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, kupata njia ya kuchovya kromu ambayo kiwanda kingeweza kuitegemea.

Kromu hiyo, hata ikiwa mpya, ina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yenye chumvi hupenya humo na kuikuta nikeli, na ikiwa nikeli nayo ni nyembamba na ina vitundu, hufika kwenye chuma. Hapo panaundwa betri ndogo, kwa sababu metali mbili tofauti zinapounganishwa na maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu kikemia huliwa na ile iliyo imara husalimika. Chuma ni dhaifu kuliko nikeli na kuliko shaba. Zaidi ya hayo, chuma kilicho wazi ni kitundu kimoja tu, ilhali nikeli inayokizunguka imetanda bampa zima, hivyo ulaji wote hujikusanya kwenye kitundu hicho na kuchimba kwenda chini. Hiyo ndiyo maana ya vidoa vyekundu vidogo vidogo vinavyotokea kwanza, kisha shimo, kisha kromu kubanduka kwa maganda. Zinki ni dhaifu hata kuliko chuma, na unga unaotokana na kuliwa kwake huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyopotea, na ndio unaoinua vipele.

Kutokana na maelezo hayo, swali la kumuuliza mchovyaji linajulikana: ataweka nikeli ya unene gani? Kitu kinachokaa nje mvuani kinastahili nikeli ya mikromita 30 au zaidi. Tangu miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni, viwanda vizuri huweka nikeli kwa tabaka mbili, ya chini isiyo na salfa na isiyong'aa sana, na ya juu yenye salfa kidogo inayong'aa kama kioo. Ile ya juu ni dhaifu kidogo kikemia kuliko ya chini, hivyo chumvi inapopenya huila kwanza ya juu na kusambaa kando badala ya kuchimba kuelekea kwenye chuma. Kwa msomaji anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, ambako upepo hubeba chumvi ya bahari mwaka mzima, jambo hili si la hiari, kwani uchovyaji mwembamba ambao ungevumilia miaka mingi Nairobi au Iringa utatoa vidoa huko pwani mapema sana.

Safari ya bampa la chuma

Bampa likifika karakanani huvuliwa kwanza tabaka zake zote za zamani. Kromu hutolewa kwa kuligeuza bampa kuwa upande chanya wa mkondo wa umeme ndani ya maji ya kostiki, dawa kali iliyo kinyume cha asidi, kisha nikeli na shaba huondolewa kwa dawa zake, na kutu hutolewa kwa asidi. Kinachobaki ni chuma kitupu, na kwa wenye magari wengi huo ni wakati wa mshtuko, kwa sababu mashimo yaliyokuwa yamefichwa hujitokeza yote. Kutoka hapo bampa ni mali ya fundi bodi. Analinyoosha kwa nyundo na fuawe, analijaza kwa kuchomelea palipotoboka, analisawazisha kwa tupa, kisha analipiga msasa kuanzia ule mkali hadi ule laini kabla ya kulisugua kwenye gurudumu la kung'arishia. Hatua hii ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya malipo, na ndiyo inayoamua matokeo. Kila wimbi utakaloliona bampa likiwa kavu na limesuguliwa utaliona maradufu likishachovywa, kwa kuwa uso unaong'aa huakisi kila kasoro. Ninamshauri kila mwenye gari aombe kuliona bampa lake katika hatua hiyo, na asione haya kulirudisha kwa fundi.

Baada ya kusafishwa mafuta yote, bampa hupimwa kwa maji safi: yakitandaa juu yake bila kukatika, liko tayari, yakijikusanya kwa matone, bado lina mafuta na chochote kitakachowekwa juu yake kitabanduka. Huchovywa shaba kwanza, kwa kuwa shaba ni laini, hujaza mikwaruzo midogo na husuguliwa kwa urahisi. Kazi nzuri husimamishwa hapa, shaba ikapigwa msasa na kung'arishwa, na ikibidi ikarudiwa. Kisha hufuata nikeli, katika mchanganyiko ambao msingi wake uliwekwa na Oliver Watts mwaka 1916: salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki, vikiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Bampa huning'inizwa upande hasi, vipande vya nikeli vikiwa upande chanya, na kiasi cha metali kinachojipachika hulingana na nguvu ya mkondo na muda. Nikeli huchukua nusu saa hadi zaidi ya saa moja. Kromu huchukua dakika chache tu.

Kuna jambo moja la umeme ambalo hueleza malalamiko mengi. Mkondo hupenda kingo na vilele, na huchukia mabonde. Kwenye ncha za bampa metali hujikusanya kwa wingi, na kwenye mifereji mirefu ya shoo ya mbele hufika kidogo. Kromu ni mbaya kuliko metali nyingine zote katika hili, kiasi kwamba ndani kabisa ya mfereji inaweza isifike hata kidogo, na mwenye gari akaona rangi ya manjano ya nikeli akadhani ameibiwa. Mchovyaji hodari huunda elektrodi (vipande vya kupitishia mkondo) za ziada zinazofuata umbo la kipande na kuzisogeza karibu na mabonde hayo. Ukiona karakana ina fremu za waya na vipande vya metali ya risasi vilivyopindwa kwa maumbo ya ajabu, jua kwamba imewahi kulifikiria tatizo hili.

Zinki, metali inayohitaji subira kuliko zote

Zinki iliyomiminwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu nembo na vitasa ndivyo vinavyolipa gari sura yake na ndivyo visivyopatikana kwa urahisi. Zinki huliwa na asidi na huliwa na kostiki pia. Beseni lile lile lililovua kromu ya bampa bila madhara litaila nembo ya zinki ikiwa fundi hatasimama karibu. Ili kuondoa nikeli na shaba, wachovyaji hutumia asidi ya salfuriki nzito kwa mkondo wa umeme, na huihifadhi isiingiliwe na maji, kwa kuwa ni asidi iliyozimuliwa ndiyo inayoishambulia zinki kwa kasi. Kipande hutolewa mara tu shaba inapokwisha.

Chini yake hukutwa mashimo, kila moja likiwa limejaa unga mweupe na zinki iliyooza. Kujaza juu ya uozo huo ni kupoteza fedha, kwa kuwa utaendelea kula chini ya shaba mpya na kuinua kipele kile kile. Kila shimo lazima lichimbwe kwa kekee ndogo hadi metali safi ionekane. Hata hivyo kuchimba nako kuna mpaka. Zinki inapomiminwa, sehemu inayogusa kalibu huganda haraka na kuwa ngozi nyembamba iliyoshikamana, ilhali ndani yake hubaki vitundu vya hewa. Fundi anayesaga uso mzima kwa pupa akidhani anaufanya laini, huiondoa ngozi hiyo na kufungua vitundu ambavyo vitanywa dawa za beseni, na dawa hizo zitatoka siku gari litakapochomwa na jua, zikiinua tabaka zote. Kwa hiyo mashimo huchimbwa moja moja, na palipo salama huguswa kidogo sana.

Kisha kipande huwekwa shaba ya kwanza, na hapa hakuna njia ya mkato. Shaba ya kawaida ya beseni la asidi, pamoja na nikeli ya Watts, ikigusana na zinki moja kwa moja huishambulia na kuacha tabaka bovu lisiloshika. Inahitajika shaba kutoka kwenye beseni la sianidi, ambalo halina asidi, na iwe na unene wa kutosha kuifunika zinki kila pembe kabla ya kipande kuingia kwenye asidi. Karakana isiyo na beseni hilo, na nyingi hazinalo kwa sababu ya hatari ya sianidi, haipaswi kupewa zinki. Baada ya shaba hiyo ya kwanza, mashimo hujazwa kwa lehemu ya bati inayoyeyuka kwa joto dogo. Lehemu haishiki vizuri kwenye zinki yenyewe lakini hushika kwenye shaba, na joto lazima lizuiliwe kwa uangalifu, kwani aloi hiyo ya zinki huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 380 hivi. Kujaza kwa gundi ya epoksi hakufai, kwa kuwa gundi ya kawaida haipitishi umeme na hakuna metali itakayojipachika juu yake. Lehemu hupigwa tupa na msasa, kipande hurudishwa kwenye shaba, hukaguliwa, na mashimo yaliyojificha hujazwa tena. Kitasa kimoja kilichochakaa kinaweza kurudia mzunguko huu mara kadhaa, na ndiyo sababu bei yake inaweza kuzidi ya bampa zima. Bei hiyo ikitajwa, si vema kumshuku fundi kabla ya kumuuliza atakirudia mara ngapi.

Nembo zina hatari yake. Herufi zilizochongwa na mistari midogo hufutika chini ya gurudumu la kung'arishia, na zikishafutika hakuna kemia itakayozirudisha. Ziombewe kusuguliwa kwa mkono, kwa vijiti vilivyovikwa msasa, na zipigwe picha za karibu kabla ya kukabidhiwa. Rangi iliyojazwa kwenye herufi hupakwa upya baada ya uchovyaji, kwa hiyo ile ya zamani nayo inahitaji picha. Vijiti vya nyuma huwa dhaifu. Kilichovunjika hutobolewa mahali pake na kutengenezewa nyuzi mpya kabla ya shaba kuwekwa, na nyuzi zote husafishwa baada ya kazi, kwa sababu shaba nene huzijaza.

Stenlesi hudai nyundo

Tepe za stenlesi zinarudishiwa uzuri bila umeme wala kemikali, na kwa mawazo yangu hii ndiyo kazi ambayo mwenye gari mwenye mikono mitulivu anapaswa kujaribu mwenyewe. Bonde dogo husukumwa kutoka nyuma kwa nyundo nyepesi yenye uso wa duara, tepe ikiwa imelazwa juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa au cha mbao ngumu chenye umbo la tepe yenyewe. Baada ya mapigo machache hupitishwa tupa laini kwa wepesi mno. Palipong'arishwa na tupa ni palipoinuka, palipobaki na rangi ya zamani bado ni bonde. Huo ni ufundi ule ule wa jicho na mkono walio nao wapiga bati wa Kamukunji, Nairobi, ingawa hapa bati ni jembamba na kosa dogo hutoboa. Kisha msasa wa maji hutumika kwa ngazi, namba 320, 400, 600 na kuendelea hadi 1000, kila ngazi ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na anayeruka ngazi ataiona mikwaruzo yake ikirudi chini ya mng'ao.

Gurudumu la kwanza la kung'arishia stenlesi hutengenezwa kwa katani, na msomaji wa Tanga anaweza kujivunia hilo: nyuzi za mkonge, zao lililofikishwa katika eneo hilo mwaka 1893 na Richard Hindorf, ni ngumu kiasi cha kukata mikwaruzo ya msasa bila kulika haraka. Baada ya katani hufuata pamba na dawa laini. Joto lisiachwe kupanda, kwa sababu stenlesi iliyopata moto hugeuka rangi ya manjano kisha buluu. Hatari kubwa zaidi ni ya mwili. Gurudumu linalozunguka kwa kasi likinasa ukingo uliokunjwa wa tepe huinyakua kutoka mikononi na kuirusha au kumkata mtu, kwa hiyo tepe hugusishwa sehemu ya chini ya gurudumu, na mzunguko uelekee kuuacha ukingo, kamwe usiukabili. Glavu za kitambaa zisizobana hunaswa pamoja na tepe. Miwani ya kinga ni ya lazima.

Kuhusu alumini, yapo machache ya kusema. Uso wake umefunikwa kwa oksidi iliyokuzwa kwa umeme kiwandani, ngumu na angavu, na kuisugua juu ya oksidi hiyo hakuleti chochote. Oksidi huondolewa kwa kostiki kwa muda mfupi, alumini ikasuguliwa, kisha ikapelekwa kwa anayeweza kuikuza oksidi upya katika asidi ya salfuriki na kuziba vitundu vyake kwa maji ya moto. Bila hatua hiyo ya mwisho, itang'aa kwa muda mfupi kisha itafifia.

Hatari ya beseni la kromu

Mitandaoni kuna maelekezo ya kuchovya kromu nyumbani, na hapa ninasema bila kuzunguka kwamba yasifuatwe. Beseni la asili la kromu lina asidi ya kromiki, takriban gramu 250 kwa lita, ambayo ina kromu ya aina iitwayo heksavalenti. Sehemu ndogo tu ya umeme unaopita humo, kati ya asilimia 10 na 20 hivi, hutumika kuweka metali. Kiasi kikubwa cha unaobaki huzalisha hewa ya haidrojeni, na viputo vyake vinapopasuka huirusha asidi hewani kama ukungu. Ukungu huo husababisha vidonda vya ngozi, hutoboa ukuta unaotenganisha matundu ya pua, na umethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Hata yule anayetoa kutu kwa umeme ndani ya ndoo ya magadi asitumie kijiko au bati la stenlesi kama elektrodi chanya, kwani kromu iliyo ndani yake hutoka na kuwa sumu hiyo hiyo. Kipande cha chuma cha kawaida kinatosha.

Kwa sababu hizo sheria zinaibana kazi hii. Umoja wa Ulaya unataka kibali maalumu kwa matumizi ya asidi hiyo tangu Septemba 2017, na jimbo la California liliamua mwaka 2023 kuiondoa kwanza kwenye uchovyaji wa mapambo. Badala yake inakuja kromu ya aina ya trivalenti, ambayo hatari yake ni ndogo mno ikilinganishwa nayo. Rangi yake imekuwa na weusi kidogo zaidi, na tofauti huonekana kipande kipya kikikaa kando ya cha zamani. Kwa hiyo ni busara vipande vyote vya gari moja vichovywe na karakana moja, kwa aina moja ya kromu, na ikiwezekana kwa awamu moja. Kuna pia rangi za kupuliza zinazoiga kromu kwa utando wa fedha uliofunikwa kwa vanishi. Zinafaa kwa plastiki, lakini kwenye bampa linalopigwa na kokoto hazina nafasi.

Kuchovya, kununua au kuacha kilivyo

Pikapu za Advance-Design zina bahati ya kupendwa, na vipande vingi vinatengenezwa upya na kuuzwa. Kwa bampa la chuma lililotoboka, kununua jipya ni uamuzi usio na aibu. Kwa nembo na vitasa ninasimama upande wa vya asili, kwa kuwa vilivyoigwa mara nyingi vina herufi nene kidogo au matundu yaliyosogea, na uchovyaji wake wa kibiashara huwa mwembamba. Kipande cha asili kilichoharibika kikilinganishwa na kipya kinachong'aa kisichokaa sawasawa mahali pake, kile cha asili kina thamani ya kusubiriwa.

Pia kipo kisichohitaji chochote. Vidoa vya kutu juu ya kromu ambayo bado imeshika vinaweza kuondolewa kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji na kusuguliwa taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi, na kutu hutoka. Kikipanguswa, kikakaushwa na kupakwa nta, kipande hicho kinaweza kukaa miaka mingine kikiwa na uchovyaji wake wa kwanza, na uchovyaji wa kwanza haupatikani tena ukishavuliwa.

Wakati wa kufunga, upande wa nyuma wa bampa hupewa rangi au nta nzito, kwa sababu huko nikeli na kromu ni nyembamba kuliko mbele na ndiko kutu huanzia. Zinki hutengwa na bodi kwa pedi ya mpira, ili maji yasiyaunganishe metali hizo mbili. Nati za vijiti vya nembo hukazwa kwa vidole, kisha kwa robo ya mzunguko tu, kwani zinki iliyokaa miaka 70 hukatika bila kutoa onyo. Klipu za stenlesi ziwe mpya na zenye ngozi ya kinga, na kila tundu lililotobolewa kwenye bodi lipakwe rangi ukingoni kabla klipu haijaingia.